Safari ya Kabimba: Je, Ziwa Linaweza Kusaga Muhogo?

Wengi wenu mnaokaa Kolwezi, Likasi, Kipushi ao Manono mnalijua jina la Kabimba kwa sababu ya simenti. Mawe ya chokaa ndiyo yaliyoleta kiwanda pale. Lakini Kabimba si kiwanda tu. Ni kijiji cha wavuvi pia, cha mama wanaoanika ndagala juu ya mchanga, na cha watoto wanaojua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Iko kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika, upande wa kaskazini wa Kalemie. Ukitoka Kalemie asubuhi kwa boti, jua linakupiga mkono wa kuume, na milima inakufuata mkono wa kushoto, muda mrefu.

Nilifanya safari hiyo mwezi wa pili, mwaka 2024. Sikwenda kutembea tu. Nilikwenda kwa sababu ya neno nililokuwa nimelisema mimi mwenyewe mbele ya watu, na neno hilo lilikuwa karibu kuwapotezea akina mama feza yao. Niwaelezee mambo yote tangu mwanzo, maana kosa lilianzia mbali, kwenye bahari.

NILIYOYAONA BAGAMOYO

Mwaka 2016 nilivuka ziwa mpaka Kigoma, nikapanda treni mpaka Dar es Salaam kwa ajili ya mkutano. Siku moja ndugu mmoja alinipeleka Bagamoyo. Sisi watu wa Tanganyika tuna deni kwa mji ule. Zamani misafara ya biashara ilitoka Bagamoyo na kuja Ujiji, na kutoka Ujiji watu wakavuka ziwa mpaka Mtowa, si mbali na Kalemie ya leo. Kiswahili tunachosema kilikuja kwa njia hiyo, kichwani kwa wapagazi pamoja na mizigo.

Tulifika pwani saa tatu ya asubuhi. Nilishangaa. Bahari ilikuwa imekwenda mbali sana. Jahazi moja kubwa limelala ubavu juu ya mchanga, limejaa miti, na watu wake wamekaa chini ya kivuli chake wakinywa chai. Niliuliza: "Mtalisukuma namna gani?" Mzee mmoja alicheka akaniambia: "Pasta, sisi hatusukumi. Tunangoja maji."

Ilipofika saa nane, kumbe maji yamerudi. Hayakuja kwa kelele. Yalipanda polepole, yakashika mbao, na jahazi lile ambalo watu arobaini hawangeweza kulitikisa likaanza kusimama lenyewe. Mzee akanifundisha maneno: maji kujaa, maji kupwa. Akanifundisha pia bamvua, yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, wakati maji yanapanda sana na kushuka sana; na maji mafu, siku za katikati, wakati yanatembea kidogo tu. Kutoka kujaa mpaka kujaa tena ni karibu saa 12 na dakika 25. Kwa hiyo kila siku maji yanachelewa karibu dakika 50, na mvuvi wa pwani anahesabu siku zake kwa mwezi wa mbinguni.

Maneno yale nilikuwa ninayajua kutoka kwenye vitabu vya Kiswahili. Lakini sikuwa nimeyaona kwa macho. Kwetu kwenye ziwa maneno kupwa na bamvua hayana kazi. Hakuna anayeyasema.

NENO NILILOLISEMA

Miaka ikapita. Ziwa letu likaanza kupanda. Mwaka 2021 maji yaliingia ndani ya nyumba za watu Kalemie, Uvira na hata Bujumbura. Wakati ule nilihubiri Kabimba, na katika kuwatia watu moyo niliwaelezea juu ya jahazi la Bagamoyo. Nikamaliza kwa kusema: "Maji haya yanayopanda na kutusumbua, siku moja yatatusagia muhogo."

Watu walifurahi. Mimi nikarudi Kalemie, nikasahau. Lakini fundi mmoja kijana, anayetengeneza moteri za boti, hakusahau. Alikaa na neno lile miaka miwili. Halafu akawaendea akina mama wa likelemba. Walikuwa wameweka feza ya ndagala kwa miaka miwili ili kununua mashini ya kusaga ya mazuti. Akawaambia: "Mama, mazuti ni bei. Tutengeneze mashini ya kuelea. Ziwa likipanda, linaibeba; tukiiachilia, inashuka na kuzungusha jiwe. Pasta mwenyewe alisema."

Mama kiongozi ni mtu mwangalifu. Alinitumia ujumbe mfupi: "Pasta, ukuje kwanza uone, mbele feza haiyatoka."

Basi nikapanda boti.

MTI WENYE ALAMA

Kijana alinipokea kwa heshima, akanionyesha kazi yake kwenye karatasi. Mapipa, ubao, kamba ya chuma, gurudumu kutoka kwenye gari lililokufa. Kusema kweli, ilikuwa imefikiriwa vizuri. Nikamwuliza: "Mtoto yangu, ziwa linapanda na kushuka mara ngapi kwa siku?"

Akajibu: "Pasta, jioni inapandaka, asubuhi inashukaka. Wavuvi wote banajua."

Mzee mmoja mvuvi akasema: "Ile ni mawimbi ya upepo, haiko maji."

Wakaanza kubishana. Mimi sikuwa na jibu la kweli, na niliogopa kutoa neno lingine la mimbari. Nikasema tupime. Tulichukua mti mrefu ulionyooka, tukauchonga alama kila sentimeta tano, tukausimamisha ndani ya maji mahali palipofichwa na mawe, ambapo mawimbi hayapigi sana. Watoto wa darasa la sita wakapewa daftari. Asubuhi, saa sita, jioni: kuandika alama ambapo maji yamefika. Siku 30.

Siku zile nilikaa Kabimba siku nne tu, nikarudi Kalemie kutafuta wanaojua. Mwalimu mmoja wa fizika alinisaidia sana, na mambo ninayoandika hapa chini niliyapata kwake na kwa kusoma.

MWEZI UNAVUTA BAHARI

Maji ya bahari yanapanda kwa sababu mwezi unayavuta, na jua pia linasaidia. Lakini kwa nini usivute ziwa vilevile? Unalivuta. Shida ni kwamba ili maji yapande mahali pamoja, lazima yatoke mahali pengine. Bahari ni pana mno. Maji yanaweza kukusanyika kutoka mbali sana. Ziwa Tanganyika ni refu, karibu kilometa 670, na lina kina cha karibu meta 1470, lakini mbele ya bahari ni kama besheni. Mwezi unalivuta lote karibu sawasawa, na maji hayana mahali pa kutoka. Kwa hiyo kujaa na kupwa kwa ziwa letu ni kudogo hata jicho haliwezi kukuona.

Ziwa linapanda kwa njia nyingine. Mvua zinalijaza kuanzia mwezi wa 10 ao wa 11 mpaka mwezi wa 5, halafu kiangazi kinalipunguza. Tofauti hiyo kwa mwaka wa kawaida ni karibu sentimeta 80. Juu ya hiyo kuna kupanda kwa miaka mingi. Mwaka 1964 ziwa lilipanda sana baada ya mvua kubwa za miaka iliyotangulia. Na zaidi ya zamani: Stanley alipofika kwenye mto Lukuga mwaka 1876, mto huo ambao ndio mlango wa ziwa ulikuwa umezibwa na mchanga na matete. Ziwa likazidi kujaa. Mwaka 1879 Edward Hore, baharia na mmisionari wa London Missionary Society aliyekaa Ujiji, aliona mlango umefunguka na maji yanatoka kwa nguvu kuelekea Lualaba. Kwa hiyo ziwa letu linahesabu miezi na miaka, halihesabu saa.

HESABU YA SEKUNDE KUMI

Mwalimu yule akaniambia: "Pasta, leta mashini ya huyo kijana tuipime kwa kalamu."

Tukachukua mzigo wa tani 10 unaoelea. Ziwa linaubeba sentimeta 80, mvua zote, miezi sita. Halafu tunauachilia ushuke na kuzungusha jiwe. Kazi yote iliyo ndani ya kushuka kule ingeendesha mashini ya kusaga ya nguvu ya farasi 10 kwa muda gani? Nilidhani atasema siku mbili. Akaandika: sekunde 10.

Nilimwomba arudie hesabu. Akarudia. Sekunde 10 kwa mwaka.

"Na Bagamoyo?" nikauliza. Pale maji ya bamvua yanapanda meta tatu na zaidi. Mzigo uleule wa tani 10, meta 3: sekunde 40 kwa kila kujaa. Hata bahari, kwa njia ya kuelea, haisagi muhogo wa familia moja! Jahazi linapanda juu kwa sababu kazi yake ni moja tu na wenyewe wana saa sita za kungoja. Kusaga ni kazi nyingine.

"Basi watu waliotumia maji ya bahari kusaga walifanya namna gani?"

Hapo ndipo nilipojifunza jambo lililonifaa zaidi. Walitumia ukuta.

WALIOZUIA MAJI

Huko Ireland ya Kaskazini kuna kisiwa kinachoitwa Mahee, na pale palikuwa na watawa wa Nendrum. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya kinu chao, na mbao zake zikaonyesha kwamba miti ilikatwa karibu mwaka 619. Watawa wale walijenga ukuta kwenye ufuko. Bahari ikijaa, maji yanaingia ndani ya bwawa lao. Wanafunga mlango. Bahari ikipwa, maji ya bwawa yanabaki juu peke yake, na wao wanayaachilia kwenye tundu moja jembamba lenye gurudumu. Jiwe linasaga.

Muqaddasi, msafiri Mwarabu wa karne ya 10, aliandika kwamba Basra, kwenye ghuba ambayo majahazi yalitokea kuja pwani yetu ya mashariki, kulikuwa na vinu kwenye midomo ya mifereji. Maji yakijaa, yananywesha mashamba. Yakitoka, yanazungusha vinu.

Angalieni, mahali pote pawili kusaga kunafanyika wakati maji yanarudi. Tukafanya hesabu tena. Bwawa la meta 100 kwa meta 100, maji ya kimo cha meta 3. Hiyo ni tani 30.000, na kwa wastani zinashuka meta moja na nusu. Hata kama robo tatu ya nguvu ikipotea njiani, inabaki kazi ya mashini ile ya farasi 10 kwa saa 4, na baada ya nusu siku bahari inalijaza bwawa tena bure. Tena kimo kinazidi yote: maji yakipanda mara mbili, nguvu ya bwawa inakuwa mara nne. Ndiyo maana Wafaransa walijenga kwenye mto Rance, ambapo bahari inaweza kupanda zaidi ya meta 13. Kituo kile kilianza mwaka 1966, kina turbini 24 na megawati 240. Korea ya Kusini ilifungua kituo cha Sihwa mwaka 2011, megawati 254. Hakuna mapipa yanayoelea pale. Kuna ukuta, mlango na turbini.

Ninyi wa maeneo ya migodi hamshangai. Kuranti ya migodi ya Katanga ilitoka kwenye Mwadingusha, Koni na Nzilo, na ile ya Manono kwenye Piana Mwanga. Ni jambo lilelile: maji yaliyo juu, yaliyozuiliwa, yanayoshuka. Tofauti ni kwamba mito yetu inajazwa na mvua na milima, si na mwezi. Na sisi wa Kalemie tuna Bendera, kituo cha mto Kiyimbi kilichojengwa wakati wa Wabelgiji, chenye megawati 17 hivi. Maji ya Kiyimbi yanashuka kutoka milimani kuja upande wa bonde. Tuliokuwa tukitazama ziwa tulikuwa tumeipa milima mgongo.

KUSAHIHISHA NENO

Nilirudi Kabimba mwisho wa mwezi wa tatu. Watoto walinipa daftari. Mwandiko ulikuwa mbaya, lakini kazi ilikuwa nzuri. Asubuhi na jioni alama ilikuwa karibu ileile. Siku za upepo ilicheza kidogo bila utaratibu. Lakini kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho maji yalikuwa yamepanda upana wa kiganja na nusu, na hayakurudi hata siku moja.

Siku ya ibada nilisimama mbele ya watu. Niliwaambia: "Mwaka 2021 niliwaambia ziwa litasaga muhogo. Nilikosea. Nilichanganya ziwa na bahari." Si rahisi mchungaji kusema hivyo. Nilieleza sekunde 10. Wengine walicheka, na mama mmoja akasema kwa sauti: "Sekunde kumi! Hata kupepeta haitoshi!"

Fundi kijana hakucheka. Alitoka nje. Nilimkuta ameketi karibu na mti wetu wenye alama. Nikamwambia: "Kosa halikuwa lako. Wewe uliamini, mimi ndiye niliyesema bila kupima." Alinyamaza kwa muda. Halafu akauliza: "Pasta, na ule muto mudogo wa kule juu? Ule unaruka kwenye mawe?"

Tulipanda kesho yake, saa moja ya kutembea. Tulichukua ndoo ya litre 20 na saa ya mkono. Mahali ambapo maji yote yanapita kwenye mwanya mmoja, ndoo ilijaa kabla ya sekunde moja kuisha. Tukakadiria litre 30 kwa sekunde, na maporomoko ya meta 12. Hesabu ya mwalimu ilitoa nguvu ya farasi 4 na kitu. Ikipotea nusu, zinabaki 2. Si nyingi. Lakini ni farasi 2 usiku na mchana, si sekunde 10 kwa mwaka.

Kijana alitaka kuanza mara moja. Mama kiongozi akakataa: "Hii ni mwezi ya mvua, mwanangu. Kila muto unajidai mukubwa wakati ya mvua. Tupime mpaka mwezi ya kumi." Wapendwa, mama yule hajasoma fizika. Lakini alisema neno ambalo ingenifaa kulisema mimi tangu mwaka 2021.

MTI ULIPATA KAZI NYINGINE

Mwezi wa 4 na wa 5 wa mwaka ule ziwa lilipanda sana, kule Kalemie, kule Uvira na Bujumbura vilevile. Kabimba mti wetu ulikuwa bado umesimama, na watoto walikuwa wameizoea kazi ya daftari, hawakuiacha. Siku moja mama mmoja mwenye nyumba karibu na mchanga alihesabu alama zilizobaki kutoka maji mpaka kizingiti chake. Zilikuwa tatu. Akahamisha watoto, magunia na kuku kwa dada yake huko juu. Jirani zake walipoona, wakaja nao kuuliza mti. Nyumba kadhaa zilianguka. Lakini hakuna aliyeamshwa na maji usiku.

Nilipopita tena wakati wa kiangazi, mto mdogo wa juu ulikuwa umepungua. Ndoo sasa ilijaa kwa sekunde mbili. Fundi aliandika. Alikuwa amenunua daftari yake mwenyewe. Feza ya likelemba ilikuwa bado ndani ya sanduku, na mama kiongozi alikuwa bado na ufunguo shingoni.

Wapendwa wasomaji, kama kwenu kuna maji yanayopanda ao kushuka, msianze na mapipa. Simamisheni mti, chongeni alama, mpeni mtoto daftari. Na mkimsikia mchungaji anaahidi mambo ya mashini, mwulizeni kwa upole kama amepima.